Maji Yasiyoonjwa

Sifa na shukrani kwa Mungu, aliyenijalia uzee, macho ambayo bado yanasoma Zaburi, na mume ambaye hata leo namtaja nikijivunia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliishi mtaa wa Biryogo, ambako alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtu mwema, ila pombe ya ndizi ilimlegeza ulimi. Katika harusi moja, mbele ya wakwe, alimwita mdogo wake mwizi wa shamba la baba yao. Haikuwa kweli, na tangu siku hiyo ndugu hao hawakusalimiana.

Jumatano ya Majivu iliyofuata aliacha pombe hadi Pasaka. Majirani zetu Waislamu, wanaojua kufunga, walimtania: "Mzee, wewe umefunga chupa tu, tumbo linaendelea na kazi!" Alicheka, akaendelea kushona. Wenzake wa kilabuni walipopita kumwita, aliwajibu bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Alipoenda kuungama, padre akampa kitubio: aende akapatane na mdogo wake.

Tukapanda basi hadi Kabuga, alikoishi mdogo wake. Mume wangu hakungoja kiti. Akiwa amesimama uani, mbele ya mke na watoto wa mdogo wake, alisema, "Nilikusingizia mbele za watu. Nisamehe."

Shemeji yangu akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha pombe na mrija mmoja. Kwetu ndivyo watu wanavyopatana. Mwenyeji huonja kwanza kuonyesha kwamba hakuna sumu, kisha humpa mgeni mrija ule ule. Mgeni akikataa, ni kama amemwambia mwenyeji kuwa ni muuaji. Njia nzima, hakuna kati yetu aliyelikumbuka hilo.

Shemeji akaonja. "Kunywa, kaka."

"Nimeiacha hadi Pasaka, mdogo wangu."

"Ehee! Jana mwizi, leo mtia sumu! Shemeji, mmekuja kuomba msamaha au kumalizia matusi?"

Moyoni nilimsihi mume wangu anywe funda moja tu, Mungu angeelewa. Yeye alikitazama kibuyu.

"Hii ndiyo iliyokutukana," alisema. "Siwezi kuomba msamaha nikiwa nayo mdomoni. Nipe maji ya mtungi wako. Na usiyaonje."

"Nisiyaonje?"

"Usiyaonje."

Mdogo wake akachota mwenyewe, akampa kata kwa mikono miwili. Mume wangu akanywa yote, matone yakimwagikia shati, kisha akaigeuza kata chini, tuone kwamba hakubakiza kitu.

Shemeji akaanza kucheka huku akifuta macho. "Mbishi wewe! Hata kutubu unatubu kwa ubishi!" Akamkumbatia, wakakaa hivyo mpaka watoto wakaona haya.

Mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994 yaliwachukua wote wawili, lakini yaliwachukua wakiwa ndugu. Nimesikia mahubiri mengi ya Kwaresima, mengine ya maaskofu, na nayaheshimu. Lakini sijaona mtu aliyejitawala na kujishusha kwa wakati mmoja kama fundi wangu siku ile.

Nawe unayesoma, Bwana akutangulie kwenye mlango unaoogopa kuubisha, na akufungulie.