Thou Ilikuwa Yetu Watatu

Baba yangu alijifunza Kiingereza peke yake, hapa Bukavu, mahali ambapo Kifaransa ndicho kinachokalia viti vya mbele. Alikitoa kwenye kitabu kikuukuu cha sala alichoachiwa na mmisionari, kikamtoka mdomoni vilevile, na mvi zake. Asubuhi aliniuliza kama nimelala vizuri: "Hast thou slept well?" Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia: "Papa, hii Kingereza yako iko ya bazee ba zamani!"

Ni kweli, Waingereza wenyewe waliiacha thou kitambo. Siku hizi wana you tu, ya askofu, ya mkwe, hata ya mbwa. Lakini Baba aliipenda, kwa sababu thou ni ya mtu mmoja, tena wa karibu, na kitenzi chake huja na mkia: art, hast, knowest. Mgeni akija na Kiingereza chake alipewa you. Thou aliigawa kwa ubahili: Mungu, Mama, na mimi, mtoto wake wa pekee. Nilijiona tajiri.

Mama ametutoka. Mimi nafundisha Kiingereza mtaa wa Bagira, na kila Jumapili nashuka kwa Baba, mtaa wa Muhumba. Umri umemnyang'anya kumbukumbu. Nina hasira na huo umri, na asiniambie mtu kwamba ndiyo maisha. Nikiwa njiani naomba kitu kimoja tu: leo aniite thou.

Jumapili iliyopita nilimkaangia sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, nikakaa karibu naye. Akanitazama kwa adabu, akaniuliza kama nimetoka mbali. "Have you come from far?" Ile you ilinichoma.

"Papa, njo miye, mutoto yako," nikamwambia.

Akatabasamu jinsi anavyowatabasamia watu wa ofisini, akaendelea kula. Alipomaliza akanishika mkono, akafumba macho kusali. "Thou knowest my child," akamwambia Mungu: wewe wamjua mwanangu. Akaendelea kwa Kiingereza chake, taratibu, kwamba mwanawe yuko mbali, kwamba amemngoja sana; akamwomba amrudishe nyumbani, ili yeye baba yake amwone kabla hajafa. Kisha akangoja. Kwetu, anayeshikwa mkono ndiye anayeitikia.

Nikaitikia Amina, nikiomba kwa moyo wangu wote nirudishwe.