Raba ya Ofisini na Chemchemi ya Kalunguta

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya mazingira, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, mkuu wa ofisi alinikabidhi penseli mbili na raba moja. "Muhindo," akasema, "gomme ni ya bureau. Mbele ya batu, État haikoseake." Yaani raba ni ya ofisini tu; mbele ya watu, Serikali haikosei. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa mchora ramani. Nilichora Mavivi, kisha Kyavinyonge, ambako wavuvi walinionyesha matete wanamotaga samaki. Sikuyaandika, fomu haikuwa na nafasi yake. Nilipohamishiwa Butembo pamoja na mkuu yuleyule, tukapewa kazi kubwa: mpango wa kurudisha uoto wa eneo zima, yaani kuamua wapi msitu urudi na kingo zipi za mito ziachwe zipumzike. Sharti lilikuwa moja: wananchi wasikilizwe kabla ya saini.

Kijijini Kalunguta tuliwaita wananchi Jumanne asubuhi. Wakaja wanaume kumi na mchungaji. Wanawake walikuwa shambani. Wanaume wakaitazama karatasi, wakasema, "Ndiyo, chef," wakapiga makofi. Mkuu akatoa kalamu atie saini.

Hapo akapita Mama Kavira, bidoni ya maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso. "Munachora nini?"

Nikamwonyesha kilima kilicho juu ya chemchemi yao. Nilikuwa nimekipangia mikaratusi, maana hukua upesi.

"Aa, Papa, hapana! Ile miti inakunywa kuliko bwana yangu."

Bwana yake alikuwa pale pale. Ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mama Kavira akawaita wenzake kutoka mashambani. Wakachora ramani yao chini: majivu kwa njia, maharagwe kwa chemchemi zilizo hai, makaa kwa zilizokufa. Kila kaa lilikaa chini ya shamba la mikaratusi lililopandwa na ofisi yetu, tulilokuwa tukijivunia. Juu ya kila haragwe, walisema, ulikuwa umesimama mutoma, ule mti ambao zamani wazee walifua gome lake kuwa nguo. Upande wa kilima chao lilibaki haragwe moja tu: lao.

Na mikaratusi ya kilima kile niliichagua mimi.

Mkuu akachuchumaa, akagusa kaa moja, akatazama kidole chake cheusi. "Donc tulikausha chemchemi siye benyewe," akasema. "Muhindo, lete gomme."

Nikafuta mbele ya watu wote, vigelegele vikilia, hata raba ikabaki nusu. Tukaandika mitoma. Tangu siku ile mikutano yetu ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kando ya maji, na maharagwe mfukoni. Nikarudi hata Kyavinyonge kuyaandika yale matete.

Ninyi vijana mnaorithi kazi hii mnachora kwa simu, na inapendeza. Bado chukueni maharagwe.

Siku nilipostaafu, hotuba zilikuwa ndefu. Katikati yake akaingia Mama Kavira, mvi kichwani, bidoni mgongoni kama zamani. Hakungoja zamu. Akanimiminia kikombe cha maji ya chemchemi yao.

"Kunywa, Papa. Miti imekubakishia."