Darasa Nyuma ya Jiko la Pei-chun

Mimi na Pei-chun tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Upande wangu cherehani, upande wake chuma cha kukaangia chapati za mayai, na tangu alfajiri mtaa mzima unanusa vitunguu vyake. Kwa hiyo msiniite mmbea. Mambo ya Pei-chun hunifuata yenyewe, hata nikiziba masikio.

Binti yake, Yu-tung, alikuwa na miaka tisa alipoanza kutapika. Hana homa, hajala kibaya. Akifika lango la shule anatapika, akirudishwa nyumbani ni mzima wa afya. Ilichukua muda hadi akasema. Shuleni, baada ya chakula cha mchana, watoto wote hulaza vichwa juu ya madawati walale. Yu-tung usingizi wa mchana hana, hakuzaliwa nao. Kiranja alikuwa akipita akiandika majina ya waliofumbua macho, na kwa sababu ya jina lake darasa zima likawa linanyimwa mapumziko. Wenzake wakamsusa. Hakuna aliyemwazima hata kifutio. Niliposikia nilitaka niende nikamvute yule kiranja sikio, ila naye mtoto wa watu, katumwa.

Pei-chun akaamua mtoto asomee nyumbani. Mumewe ni dereva wa masafa marefu, nyumbani huja kama mgeni, akasema, "Amua wewe." Sheria inaruhusu, lakini lazima uombe, uandike mpango wako, kisha mzazi na mtoto mwitwe mbele ya jopo la elimu muulizwe. Wakikataa, mtoto anarudi kwenye lango lile lile.

Jioni lori la taka likaja na muziki wake wa kutuita, sote tukatoka na mifuko ya taka. Mama mkwe wake akamvamia hapo hapo mbele za watu.

"Unaamka usiku wa manane kukanda unga! Utafundisha saa ngapi? Ukiwa usingizini?"

"Mama, ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Huyo ng'ombe kasomea chuo gani cha ualimu, nikuulize?"

Watu wakaangua kicheko. Pei-chun alitupa mfuko wake akaingia ndani bila kuaga.

Akapeleka maombi na mpango wake, na akaanza huku akingoja siku ya jopo. Duka lake hufungwa kabla ya mchana, na akishafunga tu, darasa linafunguliwa kwenye meza ya nyuma ya jiko. Loo, hapo ndipo aliporuka majivu akakanyaga moto! Alinunua kengele. Akamvalisha mtoto sare. Nikawa nasikia ukutani, "Simama! Msalimie mwalimu!" Mwalimu mwenyewe aproni imejaa mafuta. Na baada ya chakula, kengele tena: "Laza kichwa. Funga macho."

"Shoga," nikamuuliza, "si usingizi huo huo uliomtoa shuleni?"

"Shuleni walimtisha. Hapa yuko kwa mama yake, atalala. Mtoto asiyelala mchana akili haikui. Na jopo wakiuliza nitasema nini?"

Nami nikamkubalia, kwa maana hata mimi mchana hujilaza juu ya suruali za wateja. Huku kwetu nani asiyelala mchana? Haikutuingia akilini kwamba kuna mtu aliyeumbwa bila usingizi huo.

Haikupita wiki nikasikia mtoto anatapika. Nyumbani. Niliingia bila hodi.

"Pei-chun, kikulacho ki nguoni mwako! Umeling'oa lango la shule umelileta jikoni!"

"Nenda kashone suruali zako!"

Nilienda, nimekasirika hadi nikajichoma sindano.

Kesho yake kengele haikulia. Nikachungulia. Pei-chun kalala juu ya meza, kinywa wazi, unga mikononi, hoi kabisa. Pembeni yake Yu-tung, ndani ya sare, anasoma. Kengele kaifunga kwa kitambaa isilie. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

Mama mtu aliamka jua limeshapinda, akaanza kulia. "Nimelala! Somo zima limepotea!"

"Halijapotea, Mama. Nimesoma hadithi mbili, na soya ya maziwa ya kuuza kesho nimeiloweka."

"Hukulala hata kidogo?"

"Mimi silali. Wewe ndiye unayelala."

Pei-chun alimtazama binti yake, akamtazama tena. Halafu akamfungua vifungo vya ile sare, kimoja kimoja, akaikunja. Kengele akaniletea mimi. Wateja wangu huipiga nikiwa chooni.

Siku ya jopo ilipokaribia, mama mkwe, yule yule, alikwenda hekaluni akamwekea mungu wa mitihani vitunguu majani, vya kuomba akili, na figili, ya kuomba bahati. "Si kwa ajili ya mkwe," akaniambia. "Ni kwa mjukuu."

Nilifunga duka nikawasindikiza, nikaketi nyuma. Mwanamke wa jopo, mpole tu, akafunua ule mpango.

"Hapa mmeandika usingizi wa mchana. Yu-tung, unalala vizuri?"

Pei-chun alikuwa amesahau kuufuta! Mtoto akabadilika rangi, koo likacheza, nikajua sasa hivi anatapika. Mama yake alifumbua mdomo amjibie, kisha akaufumba, akamshika mkono tu.

"Silali," Yu-tung akasema. "Mama ndiye anayelala. Anaamka usiku kukanda unga. Mimi nasoma kimya kimya nisimwamshe." Akaitazama kalamu ya yule mwanamke. "Mtaniandika jina?"

Yule mwanamke akaiweka kalamu mezani.

"Hapana, mwanangu. Hapa hatumwandiki mtu kwa hilo."

Nililia mimi, Pei-chun akanipa leso.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: wamekubali. Mama mkwe akaja mbio mchana ule ule, ndoo ya kamba wabichi wa karamu mkononi, sauti inasikika tangu kona ya mtaa. "Yuko wapi huyo ng'ombe? Ng'ombe wetu kafaulu!"

Yu-tung alikuwa kwenye kiti mlangoni, kitabu magotini.

"Taratibu, Bibi. Mama amelala."

Mama mkwe akasimama. Akavua ndara zake, akazishika mkononi, akaingia kwa kunyata.