Kitambaa cha Weidenroda

Wazee wa kanisa wameniomba niandike maisha ya Mama Tulinagwe, yawekwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za usharika wetu. Wamenichagua mimi kwa sababu nilikuwa mwalimu, na kwa sababu mwenyewe hajui kusoma, kwa hiyo hataweza kunikosoa. Sababu hii ya pili wameisema kwa utani, lakini imenichoma. Nikiandika yale ya kawaida tu, kwamba alizaliwa, akaolewa, akalitumikia kanisa, hakuna atakayejua nilichokificha. Nitakuwa nimemwibia mara ya pili.

Mama Tulinagwe ni Mkisi wa ufukweni mwa ziwa, binti wa watu wa samaki na vyungu. Aliolewa huku kwetu, upande wa Makwale, kwa watu wa mpunga na kakao, na mumewe akamfia mapema. Anafinyanga hadi leo, na anakaribia miaka tisini. Kabla hajakuuzia chungu hukigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, na kama kina ufa hukiweka pembeni bila kusema neno. Kanisani alipewa kazi mbili zisizogombewa na mtu: kufua vitambaa vya madhabahuni na kuwaosha wanawake waliofariki. Alikuwa pia rafiki wa mama yangu tangu wote wawili wakiwa wake wapya kijijini.

Mimi nilipewa kazi inayogombewa. Nilikuwa katibu wa urafiki kati yetu na usharika wa Weidenroda, mji mdogo wa wafumaji nguo huko Ujerumani. Barua zao nilizijibu mimi, na kila mwaka, Jumapili ya Urafiki, nilisimama mbele ya watu nikaufundisha mji huo. Nimefundisha jiografia shule ya msingi miaka thelathini na miwili. Weidenroda sijafika, hata Nairobi sijafika, lakini nilikuwa na kijitabu walichotutumia, na kamusi, na mdomo.

Niliwaeleza kwamba Weidenroda umekaa bondeni, kati ya vilima vya misonobari. Udongo wake ni mwembamba, una mawe, ngano haistawi. Kinachostawi ni mmea wa kitani. Mto wao, Lohe, una maji laini yasiyo na chokaa, ukitia sabuni kidogo tu povu linajaa. Basi watu wakafuma. Theluji ilipowafungia ndani, kila nyumba ilikuwa na kitanda cha mfumi, mtambo wa mbao wa kufumia nguo, karibu na jiko. Kiangazi walitandaza vitambaa kwenye majani kando ya mto vipigwe na jua viwe vyeupe, na watoto wakawafukuza bata bukini wasivikanyage. Baadaye ikaja reli, ukaja mvuke, kikajengwa kiwanda. Matajiri wakahamia kilimani ambako moshi haufiki, wafanyakazi wakabaki chini mtoni. Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya mashariki ikakichukua kiwanda, na wanawake mia nne wakafuma kwa zamu tatu. Kisha Ujerumani mbili zikaungana, nguo rahisi zikafurika madukani, na mwaka 1991 kiwanda kikafungwa. Vijana wakahama. Mji wa watu elfu tisa ukabaki na watu wasiotimia elfu tano.

Watoto wetu walijua Lohe unaelekea kaskazini kabla hawajajua mto wetu Songwe unaanzia wapi. Watu wakaniita Mjerumani, nami sikukataa.

Kitambaa chenyewe kilikuja mwaka 2009, kwenye boksi lililofungwa kamba. Alikifuma mwanamke mmoja aitwaye Hilde, wiki ya mwisho kabla mashine hazijazimwa. Alikitunza kabatini miaka kumi na minane, halafu akakitoa kwa madhabahu yetu. Ni cheupe, na kina maua meupe yaliyofumwa humo humo, ambayo huyaoni mpaka uwe karibu na mwanga uje kwa upande. Kilitandikwa Pasaka tu. Mama Tulinagwe alikifua kwa mkono na kukipiga pasi ya mkaa, na mimi nilikielezea. Miaka hiyo sikuwahi kukigusa.

Agosti 2013 mama yangu alifariki. Msomaji wa mbali anielewe hapa: kwetu Wanyakyusa, msibani nguo ni jambo kubwa. Wazee wetu walizikwa na nguo walizoletewa na ndugu zao, na ingawa siku hizi kuna jeneza na mchungaji, desturi haijafa. Kila mtoto huleta kitambaa. Kinakunjuliwa uani mbele za watu, kinatajwa kimetoka kwa nani, kisha kinaingizwa ndani kwa wanawake wanaomvisha marehemu. Hakuna anayepima, lakini kila mtu ana macho.

Mdogo wangu Ipyana anauza vitambaa Tunduma. Alikuja na vinne, vyote vinang'aa. Mimi kifungua mimba nilikuwa na shuka moja jeupe, jipya, la pamba, zuri tu. Lingetosha kabisa. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilifanya niliyoyafanya kwa sababu ya umaskini. Si kweli. Ulikuwa wivu, na majivuno ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nililirudisha shuka langu sandukuni, na limo hadi leo. Kabati la kanisa nilikuwa na ufunguo wake, kwa kuwa barua za Ujerumani zilikaa humo. Nilikwenda mchana kweupe, wanaume wakiwa makaburini wanachimba, nikakichukua kitambaa cha Hilde.

Nilikikunjua uani. Nikasema rafiki zangu wa Weidenroda wamekituma kwa ajili ya mama yangu, ni pacha wa kile cha madhabahuni. Watu wakanong'ona kwa kustaajabu. Ipyana alinishika mkono akaniambia, kaka, umemheshimu mama. Kitambaa kikapelekwa ndani kwa Mama Tulinagwe na wenzake watatu, mlango ukafungwa. Jeneza lilipotoka lilikuwa limeshafunikwa, nasi tuliaga uso tu, kupitia kidirisha cha kioo.

Pasaka iliyofuata nilikaa benchi la wazee nikisubiri kuulizwa. Mama Tulinagwe akatandika kitambaa cha zamani, kile chenye kiraka, akarudi mahali pake. Hakuniuliza. Pasaka ya pili hakuniuliza. Nikajiambia macho yamemwisha, uzee umemzidi, hajui tena kipi ni kipi. Nikamwonea huruma, eti mimi. Wachungaji walihama na kuja wengine, na aliyeuliza nilimjibu kwamba kitambaa kile tunakitunza kwa siku kubwa zaidi. Ni siku gani iliyo kubwa kuliko Pasaka, hakuna aliyeniuliza. Na kila mwaka nikaandika barua Weidenroda kwamba kitambaa chenu kinang'aa madhabahuni petu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na niliipita nimevaa tai.

Mwaka 2024 ikaja barua kwamba Hilde amefariki na binti yake, Renate, atatutembelea Septemba pamoja na wenzake wawili. Kile kiwanda cha zamani wanataka kukigeuza makumbusho. Vitambaa vya wiki ile ya mwisho viliuzwa vyote, hakuna ajuaye vilikokwenda. Kilichobaki duniani ni chetu. Renate aliomba tu akione na akipige picha.

Niliisoma barua ile mara tano. Kusema kweli haikunijia kichwani hata mara moja kwamba ningeweza kukiri. Nilichowaza ni mchwa. Ijumaa, siku mbili kabla ya wageni kufika kanisani, nilikwenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shamba langu la kakao, nikajaza udongo kwenye kofia yangu ya Jumapili, nikaupeleka kanisani, nikaumwaga kwenye droo ya kabati. Nina miaka sitini na tisa. Nilipiga magoti nikaupanga udongo ule kwa vidole ili uonekane umejengwa na wadudu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Nikaufundisha mji kama kawaida, safari hii kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wenyewe wakinisikiliza, na Renate akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasimama yeye, akasema kwa Kiingereza nami nikatafsiri. Alisema mambo yasiyomo kwenye kijitabu changu. Mama yake alipoteza kusikia kwa kelele za mashine akiwa na miaka arobaini, akawa anasikiliza kwa kutazama midomo ya watu. Siku ya mwisho, zamu ilipokwisha, wanawake walikaa chini kando ya mashine zao na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Mashine ziliponyamaza, watu wa mjini walikosa usingizi wiki nzima kwa sababu ya ukimya. Nilitafsiri, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mji niliojivunia miaka yote ile una watu ndani yake. Nikarudia sentensi moja mara mbili, watu wakadhani ni uchovu.

Halafu Renate akauliza kitambaa kiko wapi. Mtafsiri nilikuwa mimi, kwa hiyo swali lile nililiuliza mimi mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, na mimi mwenyewe nikalijibu. Nikasema kwa huzuni kubwa kwamba mchwa wameingia kabatini. Nikasema tumeumia sana, na kwamba droo ipo, mgeni anaweza kuiona.

Kwenye benchi la wanawake Mama Tulinagwe akainuka, kikapu mkononi, akatembea polepole hadi madhabahuni. Akatoa kifurushi kilichofungwa khanga, akafungua, akatandika. Maua yale meupe yalionekana vizuri kwa sababu dirisha liko upande.

"Mchwa hawakukila, Mwalimu," alisema. "Nilikitunza mimi. Mwambie mgeni."

Nikamwambia mgeni. Nilisema kwa Kiingereza kwamba mama huyu amekitunza, na kwamba mimi sikuwa na habari. Nusu ya kwanza ilikuwa ya Mama Tulinagwe, nusu ya pili niliiongeza mwenyewe. Hata pale, nimeshikwa mkono ndani ya mfuko, bado nilidanganya, kwa lugha ambayo mwenye kikapu haielewi.

Renate alilia. Alikipapasa kitambaa hadi kwenye pindo, akakuta herufi za mama yake, na kando yake msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Akauliza msalaba ule ni wa nini. Mama Tulinagwe akajibu kwamba vitambaa vyote vya kanisa huvishona alama hiyo ili visichanganyike na vya watu wakati wa kufua. Nilijua bei ya kitani ya miaka mia mbili iliyopita, lakini msalaba ule sikuwahi kuuona, kwa sababu sikuwahi kufua. Mama Tulinagwe na waliomvisha mama yangu waliuona siku ile ya msiba, chumbani, mara tu walipokikunjua. Wale wenzake wa kuosha walikuwa benchi la mbele, wote watatu, na hawakunitazama. Walikuwa wanatazama miguu yao kwa kunionea haya. Miaka kumi na mmoja walinisalimia sokoni Ipinda, waliniita Mwalimu, na walijua.

Wageni walipokwenda kula, sikuweza kukaa nao mezani. Nikaenda nyumbani kwa Mama Tulinagwe. Alikuwa amekaa barazani anasugua chungu kibichi kwa kokoto, na kikapu kilikuwa pembeni, kitupu. Akanisalimia, ndaga, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikamuuliza kwa nini hakunisema.

Alisema hakuwa na haja ya kunisema, nilikuwa na mdomo wangu. Kila Pasaka alikipiga pasi usiku wa Jumamosi, akakitia kikapuni, akaja nacho kanisani, akakiweka miguuni pake. Alisubiri wakati wa matangazo, ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kusimama. Kama ningesimama, angekitandika saa ile ile. Ibada ikiisha alirudi nacho nyumbani. Alifanya hivyo Pasaka kumi na moja, na Jumapili hii ya wageni. Hakulisema hilo kwa kulalamika, alilisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni.

Nikaona niulize lililokuwa linaniogopesha kuliko yote. Niliuliza mama yangu alizikwa na nini.

"Na cha kwangu," alisema. "Nisingemwacha rafiki yangu aende kwa Mungu na nguo ya wizi."

Lilikuwa shuka aliloliweka kwenye sanduku lake tangu mumewe alipofariki, kwa ajili ya siku yake mwenyewe. Alimtuma mwenzake mmoja mbio akalilete, wakamvisha mama, wakaapiana kunyamaza. Na mimi miaka yote nimetembea kijijini nikijua kwamba mama yangu amelala ndani ya kitani cha Ulaya. Nililia pale barazani bila kujificha. Hakunibembeleza, aliendelea kusugua chungu chake.

Wazee wakikataa kuyachapa haya, nitaelewa. Lakini haya ndiyo maisha ya Mama Tulinagwe ninayoyajua mimi, na mengine yoyote yangekuwa ya kijitabu. Pale barazani, nilipomaliza kulia, nilimuuliza, na yeye je, siku yake ikifika atavaa nini, maana sanduku lake liko tupu kwa sababu yangu.

Alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakiweka chini.

"Utaniletea wewe," alisema. "Na safari hii, mwanangu, ulete cha kwako."