Ng'ombe Mmoja Mmoja

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali hapa Musoma, nikisubiri zamu na wagonjwa wengine. Dawa za usingizi hapo hospitalini zilikwisha zamani. Kwa daktari, mlango wazi, aliingia mzee aliyeibiwa ng'ombe wote. Tangu hapo halali wala hali.

"Mzee, moyoni unajisikiaje?" daktari aliuliza, kama alivyofundishwa Ulaya.

"Sijambo."

Daktari akaweka kalamu chini, akahamia upande wa mzee. "Basi nielezee hao ng'ombe, mmoja mmoja."

Mzee akaanza na yule mwekundu wa pembe iliyopinda, aliyekuwaga anatangulia mtoni. Alipofika kwa ndama, akalia. Benchi zima tukaitikia, "Pole, mzee."

Akitoka akauliza: "Daktari, kwenu mlikuwaga na ng'ombe?"

"Baba alikuwaga nao, kule kwetu Bunda."

"Nilijua."

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, utafikiri aliyemtibu ni mimi.