Matanga ya Mchanga Uliokuwa Hai

Sijaisahau asubuhi ile, mwanangu, ijapokuwa nimejaribu. Nilisimama ufukweni hapa mjini Baraka nikiwa nimevaa shuka jeupe na kujipaka majivu usoni, nikalilia ziwa kama tunavyowalilia wafu wetu. Nawe umeniambia kwamba unaandaa onyesho lako la kwanza kuhusu maji haya yanayopanda, na unataka nikubariki. Nitakubariki. Lakini keti kwanza, kwa maana mimi nilikosea, na kosa langu lilikaribia kuwapokonya watu mahali pao.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni. Tasnifu yangu ilihusu sanaa ya maonyesho, ile ambayo mwili wa msanii ndio jukwaa na ndio maneno. Nilikuwa nimesoma pia habari za ziwa: kwamba maji ya juu yanazidi kupata joto, kwa hiyo hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye chakula cha samaki, kwamba mvua zisizo na kiasi zinalijaza mpaka linaingia vyumbani. Hayo yalikuwa kweli, na bado ni kweli. Kosa langu halikuwa katika elimu. Nimelitafakari sana, pengine kupita kiasi, na sasa naweza kukuonyesha lilipokuwa: nilichagua umbo la onyesho kabla ya kuwauliza wenye ufukwe.

Mchanga mkavu ulikuwa umebaki kipande kimoja tu, hatua sitini kwa urefu, nilizipima mwenyewe. Hapo ndipo akina mama walipoanika ndagala, wale samaki wadogo wanaoliwa kutoka hapa mpaka Kilembwe, mbali na ziwa. Mimi nikapageuza jukwaa. Nililala, nikajifunika shuka, nikainuka, nikaomboleza, nikazitaja moja moja nyumba zilizomezwa na maji. Watu walijaa. Wengine walilia kweli, nami, nisikufiche, nilifurahi kuyaona machozi yao.

Mama Sifa, kiongozi wa waanikaji, alikuwa amesimama na beseni kichwani akingoja nimalize.

“Mutoto yangu, nani alikufa?”

“Ziwa, mama. Iko nakufa.”

“Ziwa? Iko nameza manyumba ya bantu, we unasema iko nakufa? Kama kufa iko vile, basi mi pia nipate ile kufa! Toka pale, ndagala yangu iko naoza.”

Wenzake walicheka mpaka mabeseni yakatikisika. Nami nilicheka kwa adabu, huku moyoni nikimhukumu kwamba haelewi sanaa.

Siku tatu baadaye, shefu, kiongozi wa mtaa, aliwaita akina mama nyumbani kwake. Kulikuwa na tajiri aliyetaka kukizungushia uzio kipande kile ili aegeshe boti zake, na kwa miezi mingi akina mama walikuwa wamekataa. Safari hii shefu alileta hoja mpya juu ya fasi ile, mahali pale pa kuanikia.

“Bamama, musikasirike. Hata mutoto wenu wa universite alifanyia ile fasi matanga. Siye bote tulilia. Fasi yenye ilishafanyiwa matanga, munaitafutia nini tena?”

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia kila neno. Unajua mila yetu: matanga yakiisha, vitu vya marehemu hugawiwa. Nilikuwa nimemfungulia tajiri mlango wa kurithi mali ya aliye hai, tena kwa machozi mazuri, yaliyofanyiwa mazoezi.

Mama Sifa hakunitukana. Alisema, “We ulileta kilio, we utakitosha.”

Alimaanisha nikiondoe, maana kwetu kilio huwa na siku yake ya kuondolewa: watu hufagia, hupika, huimba, kisha hurudi shambani na ziwani. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika barua ya kujieleza. Nilikwisha kuharibu rasimu nne. Mama Sifa akaniuliza kama karatasi zile zingefaa kuwashia jiko. Akanipa ufagio.

Asubuhi iliyofuata watu wa tajiri walipofika na miti ya uzio, walinikuta nikifagia njia ya kuingilia. Akina mama walikuwa wamemwaga ndagala kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, pasipo nafasi ya kuweka unyayo, na walikuwa wakiimba nyimbo za kumaliza kilio. Kila wimbo ulipokatika nilitakiwa kupaza sauti, “Hakuna mutu alikufa!” Mara ya kwanza sauti yangu haikufika mbali. Mara ya tano niliisikia ikirudi kutoka majini.

Shefu akaja kwa haraka. “Mutoshe hii ndagala! Bantu beko nataka kutumika kazi!”

“Kanyaga, shefu,” Mama Sifa akamjibu. “Ile yenye iko mbele ya kiatu yako ni ya bibi yako. Kanyaga, tuone mangaribi utakula nini.”

Mkewe alikuwepo, mikono kiunoni. Hata wabeba miti walicheka. Shefu alirudisha mguu nyuma, akafuta kiatu ambacho hakikuwa kimechafuka, akaondoka.

Uzio haujasimama mpaka leo. Sisemi hautasimama kamwe. Tajiri bado yupo, na maji yamepanda tena. Akina mama sasa wanaanika juu ya vichanja vya miti, miguu yao ikiwa ndani ya maji, na hawajamwomba mtu ruhusa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usimlilie mtu ambaye bado anafanya kazi. Huzuni yako ikiwa nzuri sana, jiulize ni nani atakayeitumia, na kwa faida gani. Ziwa limedhurika, na waliolidhuru kwa moshi wa viwanda vyao hawaishi hapa. Liseme hilo kwa ukali wote ulio nao, lakini liseme ukiwa umesimama upande wa wanaobaki, baada ya kuwasikiliza, na ukubali wakikucheka. Onyesho lisilowaongezea nguvu ya kukataa, liache.

Nenda sasa. Mungu akupe kifua cha kupaza sauti na masikio ya kunyamaza. Akupe mikono isiyoona haya kunuka samaki. Na siku watakapokuja kukuhamisha, mwanangu, Mungu akupe miguu mizito.