Mwali Niliyempakia Kwenye Gari la Viti Viwili

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje. Kwetu Kibiti watu wanajuana mpaka ukoo. Nina miaka sabini na tisa. Nilisomeshwa na serikali hadi Ulaya, nikarudi kuwa ofisa misitu Utete. Sasa moyo wangu umechoka, daktari ameniambia bila kuzunguka, na kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Naandika kwa kidole changu mwenyewe, kwa sababu anayeniandikia siku zote ndiye niliyemkosea.

Nilipokuwa mwanafunzi huko Ulaya, njiani kwenda chuoni kulikuwa na duka la magari. Dirishani lilikaa gari moja la spoti, jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia. Nilikuwa nasimama pale kwenye baridi hadi masikio yananiuma. Miaka ikapita. Zilipokuja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, niliacha kazi, nikaingia kwenye biashara ya mbao, na siku moja Dar es Salaam nikalikuta la aina ile ile, linauzwa na mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nililinunua.

Nisiwadanganye, lilikuwa tamu. Harufu ya ngozi ya viti, usukani mdogo unaotii kidole, mngurumo uliowatoa watu majumbani kabla sijafika. Walionijua na baiskeli walianza kunisalimia upya. Lakini barabara yetu wakati ule ilikuwa mchanga kiangazi na tope masika, na gari lilikuwa chini mno. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipasuka mara mbili. Klachi ilipokufa nilingoja kipuri miezi minne. Nikawa navutwa na trekta la wakulima wa mpunga, na wazee wenzangu wananiuliza, "Bwana Misitu, hilo gari limesimama au limeketi?" Nilicheka nao huku nimechomwa. Nikatamani siku moja tu wanyamaze.

Ikafika siku ya kumtoa mwali binti wa dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano na tayari ameposwa. Kwa mila yetu, mwali akimaliza kufundwa, mjomba humbeba begani kutoka kwa kungwi hadi uwanjani kwa mama yake. Anafunikwa kanga mpaka usoni, haoni, hasemi, hajitikisi. Ni hatua mia mbili tu. Mimi nikatangaza kuwa mpwa wangu hatatolewa begani kama mzigo wa kuni, atatolewa kwa gari la Ulaya.

Kungwi, bibi mmoja Mndengereko mwenye heshima zake, alisimama mlangoni. "Mwali haachani na kungwi wake mpaka afike kwa mama yake. Mimi nakaa wapi?"

"Viti viwili, bibi. Labda nikufungie kwenye buti."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimnyooshea mtoto kanga, akamnong'oneza kitu, akaufunga mlango wa gari polepole.

Sikwenda uwanjani. Nilikata kuelekea barabara kubwa ili kijiji kizima kisikie. Nikakanyaga mafuta. Tuta la mchanga katikati ya njia za magurudumu likapiga tumbo la gari, usukani ukanitoka mikononi, tukaingia kwenye mkorosho kwa ubavu. Ubavu wake yeye.

Walikuja mbio na ngoma bado shingoni. Dada yangu alinishika kanzu. "Kaka, imekuwaje?"

Nikajibu, "Alishtuka, akanishika mkono."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mtoto alikuwa amekaa kama alivyofundishwa, mikono mapajani, kimya, hata niliposikia mfupa ukivunjika. Hospitali ya Mchukwi waliokoa uhai wake, lakini mguu ulibaki mfupi. Nami nikiri na hili: usiku ule wa kwanza niliwaza taa ya mbele iliyovunjika, nitaipata wapi.

Uongo wangu ulikwenda kasi kuliko gari. Wakwe walivunja posa. "Mwali asiyetulia siku ya kutolewa, atatulia na mume?" Kungwi hakuletewa mtoto mwingine wa kumfunda. Alinikuta sokoni mara moja, akasema, "Mimi nilimfundisha kutulia. Wewe ulikuwepo." Akaenda zake. Ameshafariki. Dada yangu naye amefariki, na hadi mwisho alikuwa akimwambia binti yake, "Ungetulia tu, mwanangu."

Mpwa wangu hakuolewa. Zaidi ya miaka thelathini imepita. Mke wangu alipofariki na wanangu wakabaki mijini, ni yeye aliyekuja kuniuguza. Ananipikia uji, ananigeuza upande nisipate vidonda, ananitafutia kibla.

Alhamisi iliyopita alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono. "Mjomba, nina neno. Lile la gari. Mimi sikumbuki kukushika, nilikuwa nimefunikwa, lakini kama wewe umesema basi nilikushika. Nilikuharibia gari lako ulilolipenda. Nisamehe, usiondoke na kinyongo."

Mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa na nafasi, tuko wawili tu, mchana kweupe. Nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Alilia kwa furaha. Tangu siku ile anaimba akifagia.

Najua dini yangu: haki ya mtu haifutwi mpaka mwenyewe aombwe radhi. Lakini nikimwambia, namwambia kwamba mama yake alimlaumu bure mpaka kaburini, kwamba ndoa na watoto alivikosa kwa kosa lisilo lake, na kwamba hata msamaha aliolilia ni mimi niliyepaswa kuuomba. Atabaki na nani wa kumkasirikia, maiti? Na nikinyamaza, nakwenda kusimama mbele ya Mola nikiwa nimemsamehe mtu niliyemvunja mimi.

Pumzi yangu ni ya siku, si ya miezi. Ninyi wenye akili timamu na vifua vizima, hasa kina mama, niambieni: mngekuwa yeye, mngetaka kujua?